Nilimpunguzia Mama Barabara ya Namugongo

Mama Mshauri,

Pole na kazi ya kusoma mambo ya watu, na haya yangu uyasome polepole kwa sababu mwandiko wangu uliishia darasa la tano, lakini Kiswahili nimekipata hapa hapa kwenye nyumba za polisi Nsambya, ambako kila mlango una kabila lake na bila Kiswahili huwezi hata kuazima chumvi. Shauri lako nalihitaji kabla ya tarehe tatu mwezi wa sita, na leo tuko wiki ya kwanza ya Mei, kwa hiyo ukiona nina haraka usinione sina adabu.

Mimi naitwa Filda, nina miaka ishirini na mmoja, bwana yangu ni Ochan, konstebo, mtu mpole isipokuwa akiwa na njaa, na tuna mtoto mmoja wa kike, Ajok, ambaye alikuja na kidole cha sita kwenye mkono wa kushoto, na kwetu Acholi mtoto wa namna hiyo anakuja na jina lake, hakuna kufikiri. Sasa ana miezi kumi. Kuzaliwa kwake kulikuwa kazi ya siku mbili, na mama yangu, Akot, aliyekuwa ametoka nyumbani kuja kunisaidia, alipoona daktari na masista wanazungumza kwa lugha asizozijua na nyuso zao hazisemi vizuri, alipiga magoti pale pale kwenye korido ya hospitali akaweka nadhiri, kwamba mimi na mtoto tukipona atatembea kwa miguu kutoka mlangoni mwa kigango chetu, karibu na Gulu, mpaka Namugongo kwa Mashahidi, na kwamba mimi nitakuwa pembeni yake njia yote, na mtoto atakuwa mgongoni mwake yeye, si mgongoni mwangu. Ni maili mia mbili na zaidi. Tulipona, ndiyo maana nakuandikia.

Mwezi wa tatu Mama akaja na basi kutuchukua, twende naye nyumbani tuanze kutembea pamoja na kina mama wengine wa kigango wenye nadhiri zao, tufike kwenye sikukuu ya Mashahidi, hiyo tarehe tatu, mwaka huu ambapo kanisa jipya la Namugongo linabarikiwa. Alikuja na jozi mbili za viatu vya tairi, yake na yangu. Mguu wangu aliupima kwa kumbukumbu tu, na vimenikaa sawasawa.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, la sivyo hutanielewa. Kwetu mama na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana sana, hawakai uso kwa uso, hawali pamoja, wala Mama hawezi kulala katika nyumba ya Ochan, kwa hiyo usiku analala kwa jirani yangu Aoko, Mjaluo wa Kenya, mjane, fundi wa kushona, na mchana anashinda kwetu, lakini Ochan akirudi Mama anatoka kwenda jikoni nyuma ya nyumba, na lolote wanalotaka kuambiana linapita mdomoni mwangu. Ochan anasema, mwambie Mama tumbako yake asiiweke juu ya redio, inaingia ndani. Mimi natoka nje namwambia Mama, Ochan anauliza kama ungependa kijimeza chako mwenyewe. Mama anafurahi, anasema mwambie mkwe wangu ana moyo mzuri ila uji anaunywa kama mtu anayefukuzwa. Mimi narudi ndani namwambia Ochan, Mama anakushukuru. Tunaishi kwa amani kubwa, Mama Mshauri, na sifa za amani hiyo nilikuwa najipa mwenyewe.

Sasa Ochan aliposikia habari ya safari aliweka kijiko chini, akasema nimwambie Mama barabara ile hata yeye na sare yake haipiti bila sababu, na akasema maneno mengine ambayo siyaandiki, wewe unajua hali ya vizuizi na unajua jina la mtu wa kaskazini likisomwa kwenye karatasi linasomwaje. Katika safu yetu ya nyumba kuna milango miwili iliyofungwa na hatuulizani. Nikatoka kwenda jikoni nikamwambia Mama, Ochan anasema atasikia upweke sana bila mtoto. Mama akacheka, akasema wanaume wa siku hizi wamelegea, akaendelea kupaka viatu vyake mafuta.

Kisha akasema twende kwa Padri atupe baraka ya njia. Padri wa hapa ni Muganda, Kiacholi hajui, na Mama hajui Kiganda wala Kiswahili. Tulikwenda na Aoko kwa sababu alikuwa na vitambaa vya altare alivyopiga pindo, akawa amesimama pale kabatini anavipanga. Mama akasema kwa Kiacholi, mwambie Padri tunatoka mlangoni mwa kigango chetu, tunaomba baraka ya njia. Nakuapia nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo, lakini kilichotoka kwa Kiswahili ni hiki, "Padri, Mama amezeeka na goti linamsumbua, anauliza kama nadhiri yake inaweza kufupishwa." Goti la Mama halisumbui kitu. Padri akamwangalia Mama kwa huruma, akasema inawezekana ikiwa mwenyewe ndiye anayeomba, akamuuliza yeye, si mimi, "Mama, unaomba hivi kwa hiari yako?" Nikamgeukia Mama nikamwambia kwa Kiacholi, "Padri anauliza kama unawapenda Mashahidi kwa moyo wako wote." Mama akaweka mkono kifuani akaitikia kwa kichwa mara tatu, na macho yakamlowa. Padri naye akaguswa, akasema basi, atembee kutoka hapa Nsambya alipozaliwa mtoto, inatosha. Nikamwambia Mama, Padri ameamua nadhiri inaanzia mahali mtoto alipozaliwa.

Mama akafuta macho, akasema, "Yeye ndiye Padri." Tukarudi nyumbani, na nakuambia ukweli wote kwa sababu wewe hunijui sura, miguu yangu ilifurahi. Nilikuwa nanyonyesha, nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa ile barabara, na hapo hapo nikajisifu kwamba nimeokoa watu watatu kwa maneno machache.

Kumbe nilisahau jambo ambalo mtu wa kwetu hapaswi kulisahau, kwamba Kijaluo na Kiacholi ni ndugu, na Aoko amelala chumba kimoja na Mama muda wa kutosha kucheka vichekesho vyake. Kesho yake tukiwa tunaanika nguo akashika ncha ya shuka upande wake, akaniuliza, "Filda, goti la mama yako lilianza kuuma lini?"

Nilidhani ataitangaza safu nzima, lakini Aoko si mtu wa hivyo. Ameniambia tu kwamba hawezi kuwa anakula chungu kimoja na Mama huku yeye anamficha jambo, na kwamba kabla ya sikukuu ama niseme mimi, ama nimtafutie Mama pengine pa kulala, na kwa huyo mwenyeji mpya nitajieleza mwenyewe. Mama anampenda Aoko, wamezoeana mpaka wanatukanana kwa mapenzi, huyu anamwambia mwenzake Wajaluo wanakula samaki mpaka wananuka ziwa, huyu anamjibu Waacholi wanatia simsim mpaka kwenye chai.

Nadhani hata hivyo ningenyamaza, lakini Mama akaanza jambo lake. Siku ya tatu baada ya kwa Padri, Ochan alipotoka kwenda kazini, Mama akamfunga Ajok mgongoni na lesu, akavaa viatu vya tairi, akaniambia nivae vyangu, tukatembea kutoka Nsambya mpaka soko la Nateete, tukarudi. Kesho yake tena. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Padri amepunguza njia. Miguu yangu hakuipunguza." Tangu hapo ni kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Tunapanda Mengo, kando ya ukuta wa Lubiri, lile kasri la mfalme ambako sasa wako wanajeshi, tunanyamaza na kuangalia mbele kama watu wote, tukiuacha ukuta nyuma Mama anaanza tena kusimulia, na wale wanawake wa ndizi pale Nateete wameshamjua, wanamwita Mama Namugongo na kumchagulia Ajok ndizi mbivu laini. Sijawahi kuwa na mama yangu namna hii. Ameniambia nadhiri yake aliitamka kwa sauti kubwa mpaka mwanamke aliyekuwa akifagia korido akaacha kufagia. Ameniambia kila hatua anataja jina langu, halafu la mtoto, langu halafu la mtoto, na akikosea anarudi nyuma hatua moja, na mimi nilikuwa nafikiri ni uzee.

Na kuna hili la mwisho. Mama aliwatumia salamu kina mama wa kigango kupitia msafiri wa basi, kwamba Padri wa Kampala ameamua nadhiri inaanzia pale jambo lilipotokea, si mlangoni mwa kigango, na wiki iliyopita jibu limerudi kwamba wawili kati yao wamefurahi sana, wameahirisha kutembea, watapanda basi mpaka huko lilikotokea lao ndipo waanze. Sasa nimekuwa Padri wa watu nisiowaona.

Swali langu ni moja. Nimwambie Mama sasa, au baada ya tarehe tatu? Mimi naona baada. Atakuwa amefika, amesali, amefurahi, nitamwambia taratibu na atanisamehe, mimi namjua, hasira zake hazilali. Nikimwambia sasa najua atakachofanya, atapanda basi kesho yake aende Gulu, na siku bado zinatosha kutembea mpaka Namugongo, hata amehesabu kwa vidole mbele yangu. Na mtu akinyooka kwenye barabara ile na kidevu juu kama Mama anavyotembea, na Kiswahili hajui cha kuwajibu wale wanaosimamisha watu, mimi nitalala vipi? Lakini Mama Mshauri, sijakata tamaa hata kidogo. Naamini Mashahidi wataelewa, wengi wao walikuwa vijana kama mimi, na naamini jambo hili litanyooka, nataka tu mtu aniambie nianze na mguu gani. Sasa hivi natembea mpaka Nateete na kurudi bila kukaa chini, hilo nalo ulijue.

Ni mimi Filda, Nsambya.


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Filda mwanangu, nimecheka hapo kwenye tumbako na redio, nikamsomea na mwenzangu wa meza ya pili naye akacheka. Tulipofika kwa Padri tuliacha kucheka wote wawili.

Kwanza hongera kwa Ajok na vidole vyake kumi na kimoja. Na nikuambie mapema, kwa kuiogopa ile barabara sikugombezi. Uliogopa kitu cha kuogopwa, na umefanya vizuri kutoandika zaidi ya ulivyoandika. Bwana yako naye ana akili, mshukuru Mungu kwa mume anayeweka kijiko chini kabla ya kusema.

Sasa nakugombeza. Tumbako nimekusamehe, uji nimekusamehe, nyumba nyingi zinasimama kwa uongo mdogo wa namna hiyo. Lakini umebeba maneno ya watu muda mrefu mpaka umeanza kuyaona ni yako. Padri alimuuliza mama yako swali, yeye mwenyewe, kwa macho, na wewe ukalichukua swali lile ukaliweka mfukoni, ukampa lingine, na mkono wa mama yako kifuani ukautumia kama sahihi. Umesema umeokoa watu watatu. Mmoja kati ya hao watatu hakujua kuna hatari, kwa sababu mkwe wake alipotuma onyo, wewe ulifikisha upweke. Mama yako atapimaje barabara ambayo hajaambiwa habari zake? Unamwona mkaidi, na mimi namwona mtu aliyenyimwa habari. Mpe mtu habari kwanza, halafu ndipo tuone ukaidi wake.

Unauliza sasa au baada ya sikukuu. Sasa. Nakushangaa hata kuuliza. Ukingoja, mama yako atafika Namugongo akiwa anadhani amemaliza, apige magoti, ashukuru, arudi nyumbani akalale usingizi wa mtu aliyetimiza, kisha ndiyo umwamshe? Mimi si padri na sheria za nadhiri sizijui, lakini umeandika mwenyewe kwamba Padri alisema inafupishwa ikiwa mwenye nadhiri ndiye anayeomba. Mama yako hajaomba kitu. Kwa hiyo mpaka leo nadhiri yake ni ndefu vile vile, na yeye peke yake ndiye hajui, ingawa miguu yake imeshaanza kushuku.

Fanya hivi. Kesho mtembee kama kawaida. Mkishauacha ukuta wa Lubiri nyuma, mwombe asimame, umchukue mtoto, umwambie akae mahali. Mwambie mambo manne kwa mpangilio wake: yeye alisema nini, wewe ulisema nini kwa Padri, Padri aliuliza nini, na wewe ulimwambia yeye nini. Usitie sukari. Kisha mpe maneno ya Ochan kama Ochan alivyoyasema, yote, hata yale ambayo mimi hukuniandikia. Na ikiwa desturi yenu inakataza uso lakini haikatazi sauti, basi jioni Ochan asimame ndani ya mlango, Mama akae jikoni kwake, na mkwe aseme mwenyewe, wewe ukiwa unaosha vyombo mbali.

Siku hiyo hiyo au ya pili yake, Mama arudi kwa Padri. Wewe hutakalimani. Aoko ndiye atakayeingia naye, kwa kuwa amethibitisha kwamba anasikia vizuri, na wewe utabaki nje na mtoto. Ila kabla hawajaanza uingie dakika moja umwambie Padri ulimdanganya, utoke. Maungamo yako yatakuwa na siku yake.

Najua unachotaka kuniuliza. Je, akisema bado anataka kuanzia mlangoni mwa kigango? Mimi sitamtuma mzee kwenye barabara ile wala sitamfunga kamba, na wewe pia. Lakini Ajok ni mtoto wako na Ochan, na mna haki ya kusema mtoto huyu haendi, na mama yake anayenyonyesha haendi, mwaka huu. Semeni hivyo kwa midomo yenu, kasirikeni ninyi, alie yeye, yaishe. Msijifiche nyuma ya kanzu ya Padri. Na mwambie jambo lingine ambalo naona halijasemwa na mtu: miguu yako iliwekwa katika nadhiri ile bila wewe kuulizwa, ukiwa kitandani huwezi hata kuitika. Hilo nalo ni la kweli, na lina uzito, na mama anayetaja jina lako kila hatua atalisikia. Nadhani akishajua yote anaweza kumwomba Padri mwenyewe afupishe. Nadhani tu. Anaweza pia asiombe, na hapo utakuwa na mama mwenye hasira na aliyeambiwa ukweli, na huyo ni afadhali kuliko uliye naye leo.

Salamu za kigangoni zirekebishwe wiki hii, kwa msafiri kama yule yule wa kwanza, kwa jina lako, si la Mama: kwamba Padri hakuamua hivyo, Filda ndiye aliyekosea, kila mwenye nadhiri amuulize padri wake. Utaona aibu. Ione.

Ikiwa mtatembea kutoka Nsambya, msitembee ninyi wawili tu. Jiungeni na kundi la parokia, muwe na barua ya Padri yenye majina yenu, vitambulisho mkononi si chini ya mzigo, maji, na uji mzito wa mtoto kwenye chupa. Mama aongoze. Wewe ukae nyuma yake umwangalie mtoto shingo.

Aoko umshukuru kwa mdomo wako, na umpelekee simsim.

Lililobaki ni hili la kesho. Ukishamaliza yale mambo manne, mama yako atakuuliza kwa nini. Ulimi wako umezoea kulainisha, utataka kusema ilikuwa kwa ajili yake. Usiseme hivyo. Sema, "Niliogopa, Mama, na nilikuwa nimechoka." Kisha nyamaza, umshike mtoto vizuri, na safari hii umwache yeye aseme mpaka amalize.